Tuache kuhesabu viti

(Haya ni maneno yenye animatere mumoja wa kamati yetu ya afya ya roho alisema mu mukutano mukubwa wa chama, hapa Kama. Tumeyaandika juu ya wanachama wenye hawakuweza kufika, na juu ya rafiki zetu wenye wanatusaidia kutoka Kindu na mbali zaidi.)

 

Mu mukutano wenye ulipita, mama mumoja alisimama pale nyuma, akasema: "Kila wiki munatuita. Munatuuliza tumelala namna gani, tumekula nini, tunaota nini. Kisha munaandika. Sasa munaandikiaka nani?" Watu walicheka. Mimi sikucheka, juu sikukuwa na jibu. Wiki ileile barua ilifika, ya rafiki mumoja mwenye kututumia muchango. Naye aliuliza: ile kazi yenu ya kusikiliza watu inazaa nini? Mama na rafiki hawajuane, lakini wanauliza jambo moja. Leo nitajaribu kuwajibu wote wawili, na ku mwisho nitawaomba tuamue mambo tatu.

Nianze na kosa yangu. Mbele ya kuingia mu kazi ya chama, nilitumika na mupango mumoja wenye ulifika hapa na ukaenda. Tulipewa karatasi zenye maulizo, zilitayarishwa kwingine. Ulizo moja ilisema: "Mu hizi wiki mbili, umejisikia kuwa mutu bila faida?" Mama mumoja alinitazama, akanijibu: "Kama mimi niko bila faida, nani alibeba huu mupunga kutoka shamba?" Nikaandika "hapana", nikapita ku ulizo yenye kufuata.

Jibu lake lilikuwa la kweli. Lakini usiku ule, na kila usiku, yule mama alikuwa anaenda kulala mu kibanda cha shamba, pembeni ya pori. Nyumba yake iko karibu na barabara, na kila mara moto ikipita usiku, moyo unamuruka. Karatasi yangu haikumuuliza analala wapi.

Ku mwisho wa mupango tulihesabu: mikutano ngapi, watu wangapi walikaa ku viti. Viti vilijaa kila mara, juu tulikuwa tunagawa sabuni. Yule mama alifika mara zote. Pembeni ya jina lake niliandika neno moja: "Amemaliza." Mwaka wenye ulifuata nilimukuta ku njia, mangaribi, mukeka ku kichwa, anaenda shambani kulala. Ku karatasi alikuwa amemaliza. Mu maisha yake hakuna kitu kilibadilika.

Tuangalie kilalo

Kuna elimu moja yenye inaitwa saikolojia ya jamii. Nitaifasiria kwa mufano wa kwetu. Vijana wenye kubeba mizigo ku kinga wanapita ku kilalo kimoja cha miti. Leo mumoja anaanguka, anavunjika mukono. Kesho mwingine. Muganga anafunga mikono, na ni kazi ya maana. Lakini wakifika kumi, ku kilalo kilekile, inafaa mutu aende kuangalia kilalo. Saikolojia ya jamii inatunza mutu mwenye ameumia, na inaangalia pia kilalo: shamba, sheria, jirani, chakula, maneno yenye watu wanasemeana.

Wasomi wa Marekani walilipatia hili wazo jina mu mukutano wa Swampscott, jimbo la Massachusetts, mu 1965. Lakini hapa Afrika mambo yalikuwa yameanza. Mu 1954, kule Aro, karibu na muji wa Abeokuta inchi ya Nigeria, munganga Thomas Adeoye Lambo alianza kupanga wagonjwa wa akili mu vijiji vya karibu na hospitali, kila mugonjwa pamoja na ndugu yake, mu nyumba za watu wa kawaida. Muchana walienda hospitali, mangaribi walirudia kijijini. Alijua kama mutu anaponea kati ya watu.

Na hapa kwetu Urega, wazee wanajua namna Bwami inafundisha. Mutu hapandi cheo peke yake. Inapashwa ndugu zake wamusaidie kukusanya vitu, na mu vyeo vya juu bibi yake anapanda pamoja naye. Wabeleji waliikataza Bwami mu 1948, lakini wazo halikukufa: mutu ni watu wake. Basi mambo yenye nitasema leo haiko mageni kwetu. Yenye kuwa mapya ni ginsi ya kupima.

Kupima: kuuliza, kisha kunyamaza

Kazi iko na vipande tatu: kupima shida, kusaidia, na kupima tena. Kipande cha kwanza njo tunaharakishaka, na kikiharibika, vingine viwili vinaharibika pia. Wazee walisema: kitanda chenye haukulalia, haujue kunguni zake.

Mu Uganda, wilaya za Masaka na Rakai, watafiti walifanya vizuri. Mbele ya kuleta dawa yoyote, waliuliza watu wa vijiji shida zao, kwa maneno yao. Wanakijiji walitaja magonjwa mbili ya roho kwa majina ya Kiganda: okwekyawa, ni kusema kujichukia, na okwekubagiza, ni kusema kujihurumia. Waliuliza tena: mwanamume ao mwanamuke mwenye ako muzima anafanyaka kazi gani kila siku? Majibu njo yalikuwa kipimo. Kisha, mu 2002, mu vijiji 30, walichagua kwa kura: vijiji vimoja vilipata vikundi vya kuzungumuza wiki 16, vingine vilibaki bila vikundi. Viongozi wa vikundi walikuwa watu wa palepale, wenye walifundishwa wiki mbili tu. Mbele ya kuanza, karibu wote walikuwa na ugonjwa wa huzuni kubwa. Ku mwisho, mu vijiji vyenye vikundi ulibaki kwa watu 6.5 kwa mia. Mu vijiji vingine ulibaki kwa 54.7 kwa mia.

Na kwa jirani zetu wa Kivu, matokeo ya kazi ingine yalitoka mu 2013. Ilikuwa juu ya wamama wenye walibakwa. Wamama 157 wa vijiji 7 walipata mafundisho mara 12: mara moja peke yao na mara 11 mu kikundi. Wamama 248 wa vijiji 8 walipata shauri, kila mumoja peke yake. Wenye kuongoza hawakuwa wadoktere. Walikuwa wasaidizi wa hapahapa kwetu, wenye waliendelea na masomo miaka kidogo kisha shule ya musingi. Pande zote mbili zilipata nafuu. Lakini kisha miezi sita, mu vikundi huzuni kubwa ao woga ulibaki kwa wamama 9 kwa mia, na kwa wenye walipata shauri peke yao ulibaki kwa 42 kwa mia. Na pale pia hawakupima ndoto na machozi tu. Walipima kama mama anaweza kufanya kazi zake za kila siku.

Sisi tulijaribu ile njia hapa Kama. Tuliketi na wamama peke yao, wababa peke yao, vijana peke yao, juu mama hatasema yote mbele ya bwana yake. Tuliuliza maulizo tatu. Tangu turudie, shida gani zinatukalia ku roho? Mutu mwenye roho yake imetulia, munamutambua kwa nini? Na mutu akichoka ku roho, anaendaka kwa nani?

Ku ulizo ya pili majibu yalitushangaza. Wamama walisema: "Analala mu nyumba yake." "Anatuma mutoto kuchota maji ku muto bila kumufuata nyuma." Muzee mumoja akasema: "Anapanda mihogo." Tulimuomba afasirie. Akasema: "Karanga inakomaa mu miezi tatu. Mihogo inaomba mwaka, mara ingine zaidi. Mutu mwenye anapanda karanga tu, kifurushi chake kiko tayari ku mulango. Mwenye kupanda mihogo anasema: mwaka kesho bado niko hapa." Wandugu, nimesoma vitabu vingi juu ya woga. Sijaona kipimo chenye kupita hicho. Kila mutu anaweza kukiona kwa macho, na hakiaibishe mutu.

Ku ulizo ya tatu, hakuna mutu alitaja hospitali, na hakuna alitutaja sisi. Walitaja dada mukubwa, mama wa kanisa, shehe, muzee wa lokalite. Kijana mumoja alisema: "Mimi ninaendaka kwa lotoko." Hakuna mutu alicheka.

Lakini jibu la ulizo ya kwanza njo lilituumiza. Kati yetu kuna wenye walikimbia mu 1996, wengine mu 1998, wengine wakati wa fujo za upande wa Shabunda mu 2011 na 2012. Tulizania watu watasema juu ya masasi na pori. Walisema, ndiyo. Lakini jambo lenye walirudilia zaidi ya yote ni jirani. "Nilirudia, nikakuta mwingine analima shamba ya baba yangu." "Wananiita mutu wa musaada." Tulienda kusikiliza pia wenye hawakukimbia, na wao walisema: "Sisi tulibaki, tulilinda haya makaburi na hizi shamba. Nyinyi mulirudia, mukapewa jembe, sahani na blanketi. Sisi tulipewa nini?"

Wandugu, ni nani aligawa zile jembe na zile sahani kwa wenye walirudia peke yao? Ni sisi, hiki chama, na rafiki zetu. Tulifanya kwa roho muzuri. Lakini kipimo kimetuonyesha kama sisi pia tuko miti mibovu mu kile kilalo. Sipendi kusema hivi mbele yenu, lakini kupima kwenye hakutuguse sisi wenyewe haiko kupima.

Kusaidia: kila shida na dawa yake

Mu 2007 mashirika makubwa yenye kusaidia watu wa vita yalikubaliana muongozo. Wanachora musaada sawa piramide yenye vipande ine. Chini kabisa: usalama, chakula, maji, heshima. Juu yake: familia na jamii kukaa tena pamoja. Juu tena: watu wenye wanahitaji kikundi ao musaidizi mwenye alifundishwa. Ku ncha, watu kidogo wenye wanahitaji munganga wa akili.

Kosa yetu nyingi ni kuanzia ku ncha, kuita kila machozi ugonjwa. Mutu mwenye analia juu ya shamba yake anahitaji shamba. Kwake tunatafuta muzee wa lokalite na mashahidi wa mupaka. Kosa ingine ni kusahau ncha kabisa. Mutoto mwenye kifafa, ao mutu mwenye anasikia sauti zenye hatusikie, asifungwe kamba, asibaki ku maombi tu. Maombi yaendelee, na senta ya afya pia tuende, juu dawa ziko.

Kati ya hizo mbili kuna vikundi vyetu. Watu kumi, siku moja kwa wiki, na kiongozi wa hapahapa. Hatuwape jina la "wenye kubakwa" ao "wagonjwa", juu jina linamufuata mama mupaka soko. Wanaitwa kwa jina la mahali wanakutanika. Mambo yenye yanasemwa mule yanabaki mule.

Na tuko na mitialite yetu, na kashe nyekundu ya kusaidiana wakati wa kifo na ugonjwa. Wengi wanasema: mupe mama feza, mawazo itaisha. Tuseme kweli. Kivu ya Kusini walipima vikundi vya kuweka feza kwa wamama wenye walipita mu mambo mabaya. Chakula kiliongezeka mu nyumba zao, na aibu ya kutengwa ilipungua. Lakini muzigo wa roho haukupungua kwa sababu ya feza. Kashe haiponeshe usingizi, na kikundi cha kuzungumuza hakijaze chungu. Tunahitaji vyote viwili, na tusidanganye mutu kama kimoja kinatosha.

Kupima tena: kukubali jibu baya

Sasa ile ulizo ya rafiki yetu. Namna gani tutajua kama tunasaidia?

Kwanza, maulizo yenye tuliuliza ku mwanzo tuulize yaleyale ku mwisho, na tena kisha miezi sita. Unalala wapi? Mutoto anaenda ku muto peke yake? Umepanda nini? Umesalimia jirani? Kama hatukuuliza ku mwanzo, ku mwisho hatuna kitu cha kulinganisha. Tutabaki na viti.

Pili, mwenye kuuliza asikuwe kiongozi wa kikundi. Mama hataniambia mimi, mbele ya macho yangu, kama kikundi changu hakikumusaidia. Adabu yetu haikubali vile.

Tatu, tutafute wenye waliacha kuja. Wenye walibaki ku viti ni wenye walipenda. Wenye waliondoka njo wanajua fasi tulikosea.

Ine, tulinganishe. Tukisema tu "watu wamepata nafuu", labda ni mavuno muzuri, labda barabara imetulia, haiko kazi yetu. Hatuna viongozi wenye kutosha kuanza na wote mara moja. Basi badala ya kuchagua wenye tunajua, tupige kura mbele ya wote: wamoja waanze sasa, wengine wafuate msimu wenye kuja. Wenye wanangoja wataulizwa pia. Hakuna mwenye atanyimwa, hakuna mwenye atasema prezida alichagua ndugu zake, na tutakuwa na kitu cha kulinganisha.

Nitawapa mufano wa jibu baya. Mu vikundi vya kwanza, wamama kadhaa wamerudia kulala mu nyumba. Tunashukuru. Lakini ku ile ya kusalimia jirani, hakuna kitu kimesonga. Sababu inaonekana: mu vikundi vyetu hakuna jirani hata mumoja. Tuko sisi kwa sisi. Kama tungehesabu viti tu, tungeandika kama kazi ilifaulu kabisa.

Kwa hiyo rafiki zetu wenye kutusaidia, ninawaomba jambo moja. Musituulize tena watu wangapi walifika. Mutuulize nini kilibadilika, kwa nani, na nani alibaki nyuma. Na siku tutawaandikia "hii haikufaa", musikate musaada. Mukikata, mwaka wenye kufuata tutawaandikia uongo, na mutatuamini.

Mambo tatu ya kuamua

Ya kwanza: tufungue vikundi na kashe nyekundu kwa jirani wenye hawakukimbia. Najua ni ngumu. Jina la chama linasema "wenye walirudia", na feza zililombwa kwa lile jina. Kuna wenye watasema: sisi tulilala njaa mu pori, wao walikula shamba zetu. Sikatai. Lakini kipimo kinasema kama jeraha iko pale.

Ya pili: tuchague kwa kura wenye kuanza.

Ya tatu: majibu yasomwe hapa, kwa sauti, mu Kiswahili na mu Kirega, mbele ya kutumwa inje. Bila majina ya watu.

Na hii ya tatu njo jibu langu kwa yule mama wa nyuma. Mama, uliuliza tunaandikiaka nani. Mupaka leo tulikuwa tunaandikia watu wenye haukuwaona. Kuanzia sasa, utakuwa wa kwanza kusikia. Ukisikia tumeandika uongo, simama tena sawa ile siku.

Juu ya yule mama wa mukeka, wengi mumeniuliza. Bado analala shambani. Lakini msimu huu, nyuma ya nyumba yake, pale karibu na barabara, amepanda mistari mbili ya mihogo. Sijaandika "amemaliza". Nimeandika tarehe, na nitarudia kumuuliza.



(Kisha mazungumuzo marefu, mukutano ulikubali jambo la pili na la tatu kwa mikono ya wengi. Jambo la kwanza halikukubaliwa na halikukataliwa. Kamati imeombwa kuita wazee wa wenye hawakukimbia wafike mu mukutano wenye kufuata, waseme wenyewe. Wanachama wenye hawajaandikisha majina juu ya kura waone sekretere.)